Barua kwa somo yangu anayefungua duka la ala za muziki

Mji Mkongwe, Unguja

Somo yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na umfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku ni wazima, ila masika yametushika barabara, na kwa unyevu huu vigingi vya kukazia nyuzi za fidla zangu vimevimba vikakwama, hata kila asubuhi inanibidi nihangaike navyo kabla wanafunzi hawajaingia.

Habari ya kwamba umepata mlango wa duka huko Mji wa Kale, Mombasa, jirani na wauza leso, na kwamba unakusudia kuuza ala za muziki, imenifurahisha mno. Umeniuliza uanze na ala zipi. Hilo nitakujibu kwa ufupi baadaye, kwa kuwa si gumu. Linalonikaa moyoni ni jinsi mnunuzi anavyopokewa, maana nimekuwa mteja wa maduka haya tangu nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanza hapa kwetu mwaka 2002, na mengi niliyoyaona nikiwa upande huu wa kaunta nisingependa yatokee kwako hata siku moja.

Nikupe kisa cha mwaka jana. Mama mmoja wa Mwembetanga, ambaye binti yake nilikuwa namfundisha kwa fidla ya kuazima, alidunduliza fedha za kuuza sambusa kwa miezi mingi, akapanda boti kwenda Dar es Salaam, akamnunulia mtoto fidla mpya katika duka moja ambalo sitalitaja. Alipotoka bandarini hakupita hata nyumbani, alikuja nayo moja kwa moja kwangu. Nilipofungua sanduku nikaona kijidaraja, kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi juu ya kifua cha fidla, kimesimamishwa kinyume, ule upande mfupi uliochongwa kwa ajili ya uzi mwembamba ukiwa chini ya uzi mnene, tena kimesogezwa mbali na mahali pake baina ya yale matobo mawili. Hilo halikunitisha, ni kazi ya dakika tano. Kisha nikaiinua fidla kwenye mwanga wa dirisha, nikachungulia kupitia tobo la kulia, nikaona ndani patupu.

Wewe unajua ninachokisema, lakini naandika kwa kirefu ili umsomee na huyo kijana utakayemwajiri. Ndani ya fidla husimama kijiti cha mviringo, chembamba kuliko kidole cha mwisho, kilichobanwa baina ya kifua na mgongo bila gundi yoyote, kikishikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Wafaransa na Wataliani hukiita roho ya fidla, na mimi sioni jina linalokifaa zaidi. Nyuzi zote zikilegezwa kwa pamoja kinaweza kuanguka, na kikikosekana sauti hudidimia kama imefunikwa blanketi, na nyuzi zikiendelea kukazwa kifua chenyewe huweza kubonyea hata kikapasuka. Nilipomuuliza mama yule, alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba fidla ilipotolewa kwenye boksi ilikuwa na kitu kinachogongagonga ndani, na kwamba muuzaji, kwa kumsaidia, aliipindua akaitikisa mpaka kitu hicho kikatoka, akakitupa kwenye pipa la taka akisema ni kipande cha mbao kilichosahauliwa kiwandani.

Wiki iliyofuata nilifuatana naye hadi dukani. Yule kijana aliyeuza ni mwenye adabu, na nilipomweleza alishtuka, nikaona dhahiri kwamba hakukusudia ubaya. Amewekwa auze fidla, spika na taa za kumbi za harusi kutoka rafu moja, na hakuna aliyewahi kumfundisha lolote. Mwenye duka alitoka chumba cha nyuma, hakuigusa fidla, akanyoosha kidole kwenye kibao kilichotundikwa ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia hatukuja kurudisha mali, tumekuja kutaka kijiti kingine tu. Akajibu kwamba yeye hauzi vipuri. Tukaondoka, na pale mlangoni mama yule, aliyelipa kila shilingi aliyoambiwa alipe, ndiye aliyegeuka akamwambia mwenye duka samahani kwa usumbufu. Samahani ile bado inaniuma, somo yangu.

Fidla ilipona, alhamdulillahi. Fundi wetu hapa mjini alitoa kijiti kutoka katika fidla kuukuu iliyovunjika shingo, akakipunguza kwa wembe na msasa, akawa anakiingiza kwa kile chuma kilichopindwa kama herufi S, anakitoa, anakipunguza tena, mara nne, huku binti akiwa amechuchumaa pembeni hapepesi macho. Alipokaza nyuzi na kuvuta upinde kwenye uzi wa tatu, sauti ilijaa chumba kizima, na mtoto akauliza kama hiyo ni fidla ile ile.

Kwa hiyo nakuomba, na hili ni ombi la dhati, usiuze boksi ambalo hujalifungua. Najua wafanyabiashara husifia mali kwa kusema haijaguswa, na kwa simu au pasi pengine ni sawa, lakini fidla nyingi zinazotoka viwandani husafirishwa kijidaraja kikiwa kimelazwa au kimefungwa kando, kwa hiyo fidla ambayo haijafunguliwa ni kazi ambayo haijakwisha. Ifungue siku ile ile inapofika, isimamishe kijidaraja, kaza nyuzi, ipige mwenyewe, halafu itundike mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha mkono akaichukua. Maduka ya kabati la kioo, ambayo ufunguo wake daima uko kwa bosi na bosi daima ametoka, yamenichosha. Kuna duka moja ambalo niliambiwa kwamba nikiigusa ala nimeinunua. Sasa mtu atachaguaje udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa macho?

Mapokezi mazuri kuliko yote niliyowahi kupata yalikuwa Cairo, katika Mtaa wa Muhammad Ali, mtaa ambao tangu zamani unajulikana kwa mafundi wa udi na wapiga muziki. Unajua jinsi sisi watu wa taarabu tunavyoutazama mji ule, kwa kuwa wazee wetu wanasimulia kwamba ni huko ambako Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim akajifunze ganuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi. Niliingia katika kiduka kisichotosha watu watano, na Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani, si cha sokoni. Mzee mwenye duka hakuniuliza nina kiasi gani cha fedha. Aliniomba nikunjue mkono wangu wa kushoto, akautazama vidole, akatikisa kichwa, akaurudisha ukutani udi aliokuwa tayari ameushika. Akaniletea mwingine wa mtindo wa Kituruki, ambao uzi wake unaotetemeka una urefu wa karibu sentimita 58 na nusu, ilhali ule wa Kiarabu hufika 61 au zaidi. Na kwa vidole vifupi kama vyangu tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utapiga saa nzima au utaacha kwa maumivu baada ya nusu saa.

Halafu alifanya jambo ambalo sijaliona katika duka jingine lolote. Aliniambia nigeuke nitazame barabarani, akapiga nagma moja kwa udi tatu mfululizo bila kunionyesha ni upi, akaniuliza nimeipenda sauti ya ngapi. Nikasema ya pili. Nilipogeuka, udi wa pili ulikuwa wa bei ya chini kuliko zote tatu, hauna nakshi wala lulu, na yeye alifurahi kana kwamba amepata faida. Kabla sijatoka alizilegeza nyuzi kwa ajili ya safari ya ndege, akatia ndani ya mfuko risha mbili za kupigia nyuzi na seti nzima ya nyuzi za akiba, nyuzi 11 zikiwa zimeviringishwa kila moja kivyake, akanifundisha jinsi ya kupaka sabuni na chaki kwenye vigingi vinavyoteleza. Udi huo ninao hadi leo, na kila anayeniuliza nimeupata wapi namwelekeza kwenye kiduka kile, ingawa wengi wao hawatafika Cairo maisha yao yote.

Jambo jingine ambalo najua wewe huhitaji kufundishwa, lakini ningependa lisimamiwe hata siku ambayo haupo dukani, ni namna ya kuzungumza na mnunuzi mwanamke. Mara ngapi nimeingia dukani na kaka yangu, ambaye hajui kutofautisha fidla na ganuni, nikauliza swali mimi, na jibu likapelekwa kwake? Mara moja muuzaji alimwambia kaka, mbele yangu, kwamba kwa dada anayejifunza ile ya rangi ya waridi itapendeza. Nimefundisha fidla miaka mingi. Unguja tunalo kundi la Tausi, la wanawake watupu wanaopiga ala wenyewe, na huko kwenu pia najua wapo wasichana wanaotaka kujifunza, nao wakipokewa hivyo siku ya kwanza hawarudi tena. Atakayekuja dukani kwako aulizwe anapiga nini, amepiga kwa muda gani na atapigia wapi, na anayejibu ndiye mnunuzi.

Kuhusu vinanda vya umeme nitapita upesi. Vile vilivyotumika vinavyoagizwa kutoka Japani, pamoja na vikuza sauti vyake, vingi vimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na hapa kwetu soketi inatoa zaidi ya mara mbili ya hiyo; kikichomekwa bila transfoma kinaungua siku hiyo hiyo. Vilevile adapta zisichanganywe kwa kuwa tu plagi inaingia, maana kuna kinanda kinachotaka volti 9 na chanya ikiwa nje, na kingine kinachotaka 12 na chanya ikiwa ndani. Andika kwa kalamu nzito kwenye kila adapta ni ya kinanda gani. Na akija mtu wa taarabu, mweleze mapema kama kinanda kinaweza kushusha noti kwa robo ya sauti, kwa sababu kisichoweza hakitamfaa kwa maqamu nyingi, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na atalijua hilo usiku wa harusi mbele ya watu.

Nilikuwa nimesahau, yupo pia muuzaji mmoja wa Kariakoo ambaye lazima nimseme kwa wema. Mpwa wangu alikwenda kwake kununua nyuzi za chuma za gitaa, fedha mkononi, na yule bwana akakataa kumuuzia mpaka aone picha ya gitaa lenyewe kwenye simu. Alipoona kwamba nyuzi zake hufungwa kwa fundo kwenye daraja, akamweleza kwamba hilo ni gitaa la nailoni, ambalo limejengwa kubeba mvuto wa kilo 40 hivi, na seti ya chuma huvuta karibu 70, kwa hiyo daraja lingeng'oka pamoja na kipande cha kifua. Siku hiyo hakuwa na nyuzi za nailoni. Hakuuza kitu. Alimwandikia kijana jina la aina ya nyuzi anazozihitaji nyuma ya risiti tupu, akamwelekeza duka la mwenzake. Mpwa wangu sasa hanunui kwingine.

Sasa, uanze na ala zipi? Anza na zile unazoweza kuzirekebisha kwa mikono yako mwenyewe: fidla chache za saizi tofauti, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hawezi kupewa ya mtu mzima, magitaa ya nailoni, udi mbili au tatu, na zile ala za mdundo, dumbaki na rika. Ganuni ngoja uagizwe, maana nyuzi zake zinapita 70 na kuikaza kila wiki katika hewa yetu ya bahari kutakumalizia muda. Nyuzi ziwe nyingi kuliko ala, na tafadhali uziuze pia moja moja. Uzi wa kwanza wa fidla, ule mwembamba, ndio unaokatika mara kwa mara, na wanafunzi wangu wamelazimika kununua seti nzima ya nne ili kupata huo mmoja, kisha zile tatu zinakaa ndani ya droo mpaka zishike kutu. Zako zifunge ndani ya mifuko isiyopitisha hewa.

Kibao cha mali haitarudishwa usikitundike. Kama lazima uwe na kibao, andika kwamba ala iliyonunuliwa hapa itakaguliwa bure baada ya mwezi mmoja, kwa sababu nyuzi mpya hulegea na kijidaraja huinama kidogo kidogo kuelekea upande wa shingo, na mwanafunzi mgeni hajui kukirudisha. Ni kazi ya dakika chache kwako.

Nitakuja Mombasa masika yakiisha, inshallah, pamoja na yule binti wa Mwembetanga, ambaye mama yake amekubali nimlete akuone. Fidla yake ni ya robo tatu na mkono wake umeshaanza kuizidi. Mtengee moja ya saizi kamili, usimchagulie rangi, na muache akae nayo dukani asubuhi nzima. Mimi niwekee seti mbili za nyuzi za udi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako wa Unguja