Anayetetemeka kwenye mtihani asiambiwe tu "vuta pumzi"

Mhariri,

Kila msimu wa mitihani ya kidato cha nne huwapo mwanafunzi ambaye jana alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu, lakini leo karatasi ikifunguliwa haoni kitu. Mikono inatetemeka, tumbo linamsokota, na pengine analia au anamjibu msimamizi kwa ukali. Ataambiwa ni mwoga, hakusoma, au hana adabu. Tunaomba nafasi tueleze kinachotokea mwilini mwake, kwa sababu mengi yanayomzidishia hali hiyo tunayafanya sisi wakubwa, tena kwa nia njema.

Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo amigdala hupiga kengele kabla akili haijapima kama hatari yenyewe ni ya kweli. Nyoka mlangoni na karatasi ya Fizikia mezani vyaweza kupigiwa kengele ileile. Ndani ya sekunde chache tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini: moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli, ini hutoa sukari, na tumbo husitisha kazi yake. Kichefuchefu na mbio za chooni vinatoka hapo. Kisha ubongo nao huzisoma dalili hizo, "moyo unadunda, basi kuna baya", na hofu inazidi kupanda.

Adrenalini hupungua mapema. Inayokawia ni homoni nyingine, kotisoli, ambayo hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko na yaweza kuchukua saa nzima au zaidi kushuka. Ikiwa juu, mambo yaliyohifadhiwa kichwani hukataa kutoka, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mawazo na kuzuia hasira, huzidiwa. Sasa piga hesabu. Mtihani unaanza saa 2:00 asubuhi. Mtoto aliyefokewa getini saa 1:35 kwa sababu ya soksi au kuchelewa anafungua karatasi wakati kotisoli iko kileleni. Maneno ya kutisha ("ukifeli usirudi nyumbani") yakisemwa asubuhi hiyo yanaweza kumzuia kukumbuka alichosoma usiku. Kama kuna la kukemea, lingoje jioni.

Tuje kwenye "vuta pumzi ndefu". Ushauri huu ni nusu tu, na nusu hiyo yaweza kuleta madhara. Mtoto aliyeshtuka tayari anahema juu juu. Akiambiwa avute pumzi kubwa, huvuta nyingi tena haraka haraka, hewa ya kabonidioksaidi inapungua kupita kiasi kwenye damu, na mishipa inayopeleka damu ubongoni inasinyaa. Anapata kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, wakati mwingine mikono inakakamaa, na anaamini anakufa. Wapo wanaomfunika mfuko mdomoni. Msifanye hivyo: kama tatizo ni pumu, mfuko unaweza kumuua.

Kinachotuliza ni kutoa pumzi. Tunapotoa, neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Tunapovuta, mapigo hupanda. Kwa hiyo kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mwanafunzi akae, nyayo zote mbili sakafuni, mabega yashuke, mkono mmoja juu ya kitovu. Avute kwa pua akihesabu sekunde 4, pumzi ya kawaida tu, tumbo lisogee na kifua kitulie. Atoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, sekunde 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 5 zinatosha. Akisikia kizunguzungu, anavuta hewa nyingi mno: apunguze ukubwa wa pumzi, asiongeze kasi. Asilazimishwe kufumba macho, maana wapo wanaozidi kuogopa gizani. Atazame kona ya meza.

Akiwa tayari ndani ya chumba, kuna njia isiyoonekana na mtu. Akaze ngumi, mikono na mabega kwa sekunde 5, kisha aachie kwa sekunde 15 akisikiliza misuli inavyolegea. Mara tatu. Halafu aanze na swali jepesi, hata kama ni la mwisho kwenye karatasi.

Kuiandika hofu nako husaidia baadhi ya wanafunzi. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wao: waliokuwa na hofu kubwa ya mtihani walifanya vizuri zaidi baada ya kuandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya kuingia. Karatasi hiyo ichanwe, isisomwe na mtu.

Kahawa nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe. Nusu ya kafeini huhitaji kama saa 5 kutoka mwilini, na mapigo inayoyaleta ubongo huyasoma kama hofu. Kukesha nako humfanya mtu alipuke kwa jambo dogo.

Njia za kupumua na kulegeza misuli hazifanyi kazi vizuri zikijaribiwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Mwili uliopaniki hujifunza kitu kipya kwa shida. Tunaziomba shule zitenge dakika 5 mstarini kila asubuhi, kuanzia wiki sita kabla. Na mwanafunzi ambaye hofu imemnyima usingizi au chakula kwa wiki mbili apelekwe hospitali akaonwe. Anayesema afadhali afe apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake hata njiani.

Walimu wa malezi na unasihi,
Morogoro