Msiisingizie Ziwa Victoria: unga mweupe kwenye risasi unatoka kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba ule unga mweupe unaoota kwenye risasi za walinzi hapa Mwanza ni "chumvi ya ziwa", na kwamba dawa yake ni msasa na limau. Amekosea mara mbili, na kosa la pili linaweza kumpeleka mtu hospitali ya Bugando.

La kwanza ni dogo. Ziwa Victoria ni maji baridi. Angekuwa anaandika kutoka Tanga au Mtwara ningemwelewa, lakini huku hakuna chumvi ya kupeperuka kutoka majini ikaingia kwenye bastola ya mlinzi wa Capri Point. Tulicho nacho ni unyevu. Unyevu peke yake huyafanya madini ya risasi, yale yanayotengenezewa vichwa vya risasi, yafifie, yawe ya kijivu, kisha yatulie hivyo kwa miaka, maana utando ule wa kijivu unayakinga. Ili yatoe unga mweupe lazima iwepo asidi, na mara nyingi asidi hiyo tumeileta wenyewe: droo ya mbao, kabati la plaiwudi lililogundishwa juzi, ala ya ngozi, hata ile silikoni ya mafundi wa madirisha inayonuka siki. Vitu hivi hupumua asidi kidogo kidogo. Mvuke wake ukikutana na kichwa cha risasi mahali penye joto, unyevu na hewa ya ukaa, madini yanaliwa yakawa kwanza aina ya chumvi, chumvi ya siki, kisha yanageuka kabonati, ndio huo unga. Ubaya ni kwamba asidi haimaliziki kazini. Hewa ya ukaa inapogeuza chumvi ya siki kuwa kabonati, asidi inaachwa huru, inarudi kula upya.

Waholanzi waliijua siri hii karne nyingi zilizopita wakaifanya biashara. Walikuwa wakitia siki kwenye vyungu, wanaweka mabamba ya madini haya ya risasi juu yake, wanavifukia vyungu ndani ya samadi ipate kutoa joto na hewa ya ukaa, wanafunga chumba kwa wiki nyingi. Wakifungua, mabamba yamegeuka maganda meupe ya kukwangua na kusagwa kuwa rangi. Mlinzi anayeiacha rivolva na risasi zake ndani ya ala ya ngozi, ndani ya droo ya mbao, ndani ya kibanda cha bati kinachochemka mchana na kupoa usiku, ameanzisha kiwanda kilekile.

Si risasi zote zinazopatwa na haya. Zile za bunduki za kivita, zilizovikwa shaba kichwani, madini yake yamejificha na hutaona weupe. Zinazoumia ni zenye kichwa kitupu: za rivolva za zamani, na zile ndogo za .22. Zinapotoka kiwandani huwa na mafuta au nta kichwani, lakini nta hukauka na kubanduka, hasa risasi inapotolewa na kurudishwa kila zamu mpaka imechubuka. Za shotigani marisau yake yamo ndani ya ganda la plastiki au karatasi, kwa hiyo huonyesha ugonjwa kwingine: kutu kwenye kitako, au ganda kuvimba kama ni la karatasi. Na wanaotunza silaha jirani na banda la kuku wajue kwamba harufu ile kali ya mbolea hupasua maganda ya shaba. Waingereza waliliona hilo India katika karne ya 19, risasi walizoweka karibu na mazizi ya farasi zikipasuka msimu wa mvua bila mtu kuzigusa.

Sasa msasa na limau. Wengi wetu tumelelewa tukiona sufuria za shaba zikisuguliwa kwa ndimu au ukwaju zikang'aa, kwa hiyo wazo si la kijinga. Ila hapa limau ni kuongeza asidi juu ya jeraha la asidi. Msasa ni mbaya zaidi. Kabonati ya madini ya risasi ni sumu, na ikiwa vumbi inaingia puani, inakaa kwenye kucha na kwenye shati analolalia mtoto ukirudi nyumbani. Ikimezwa huyeyuka kirahisi kwenye asidi ya tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia kuliko wote ni watoto wadogo na mimba. Nimewaona walinzi getini wakimaliza kukagua bunduki na kuvuta sahani ya ugali na sato papo hapo, maji ya kunawa hakuna. Mwenye kampuni hajafikiria ndoo ya maji na sabuni, ila kofia zenye nembo amenunua.

Halafu kuna silaha yenyewe. Unga ule huchukua nafasi kubwa kuliko madini uliyotoka, kwa hiyo risasi hung'ang'ania kwenye tundu lake. Fundi asiyejua huichokoa kwa bisibisi. Kichwa kinaweza kunyofoka baruti ikabaki, au fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikagongwa akiwa ameielekezea tumboni. Risasi iliyochakaa pia inaweza kulipuka nusu nusu, kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na mlinzi aliyesikia "pu" hafifu akavuta tena. Mtutu unapasuka mkononi mwake. Risasi ikigoma, elekeza mtutu mahali salama, subiri angalau dakika nzima, ndipo ufungue. Iwapo mlio ulikuwa dhaifu, usiguse kifyatulio tena mpaka mtutu ukaguliwe na mwenye ujuzi.

Kinachonisumbua kuliko rivolva zote za mjini ni magobore. Sengerema, Geita, Magu na visiwani, zipo nyumba zenye gobore la babu lililoegeshwa nyuma ya mlango au kuchomekwa darini, na hakuna aliye hai anayekumbuka kama lilishindiliwa. Risasi ya ndani inaliwa na kugandamana na chuma, kwa nje huoni lolote. Watu hudhani baruti ya zamani imekufa. Baruti nyeusi ikiwa kavu haifi. Mwaka 2008 katika jimbo la Virginia, Marekani, mtu aliyekuwa akisafisha kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 aliuawa nalo uani kwake. Kwa hiyo usilichome gobore moto "kujaribu", usilipeleke kwa mhunzi akakate bomba, na kwa jina la Mungu usilipakie bodaboda kulipeleka kituoni. Mwambie mtendaji au polisi waje walichukue. Jeshi la Polisi huwa linatangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, vitumieni. Ziwani pia msitupe. Maji ya bomba ya Mwanza tunayachota humo humo.

Kwa wenye leseni, utunzaji wenyewe hauna gharama ya kuogopesha. Zamu ikiisha, risasi zitoke kwenye silaha na kwenye ala, zikae kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, si cha mbao, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Silaha ipakwe mafuta, lakini risasi zisipakwe, kwani mafuta hupenya mpaka kwenye fataki ikafa. Risasi yenye unga mweupe isisuguliwe wala kupulizwa. Ivuliwe kwa glavu, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, irudishwe polisi kwa maandishi.

Najua jibu la wenye kampuni za ulinzi: mlinzi asiye na risasi chemba atachelewa majambazi wakija. Sawa, awe nazo akiwa lindo. Sizungumzii lindo. Nazungumzia saa zote ambazo bunduki imelala stoo ikiwa na risasi zilezile za mwaka juzi, zinazopokezwa kutoka mkono hadi mkono kwa sababu mpya zinagharimu. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi imezitaja risasi kwenye jina lake. Naomba basi maofisa wanaokagua bunduki za kampuni hizi wasiishie kusoma namba kwenye chuma. Wamwambie msimamizi amwage risasi mezani, wazitazame vichwa, na zilizoota weupe zibadilishwe kwa fedha za mwajiri, zisikatwe kwenye mshahara wa mlinzi.

Fundi silaha mstaafu,
Nyakato, Mwanza