Kabla ya kuwasha moto karakanani, tazameni paa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Njombe, Makete na Mafinga hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo sakitu hulala juu ya majani. Miezi hiyo fundi mwenye karakana ya vyuma uani kwake hufunga mlango, husogeza jiko la mkaa karibu na jiliwa, kisha huendelea na kazi. Jiko hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu hautoi moshi, na watu huudhani salama. Ndipo unapotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo haikimbilii juu wala haitui sakafuni. Hujaa chumba kizima. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na fundi huzisingizia njaa au moshi wa kuchomelea. Akikaa chini apumzike mlango ukiwa umefungwa, huenda asinyanyuke tena. Mwinuko nao unaongeza ubaya: karibu mita 2,000 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, hivyo oksijeni ya kushindana na sumu hiyo ni haba tangu mwanzo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, mengine baadaye, kisha hospitali apewe oksijeni hata kama anasema amepata nafuu.

Wapo wanaokimbilia jiko la gesi ya kupikia wakiamini wamekwepa tatizo. Kila kilo 1 ya gesi hiyo ikiungua huzaa takriban lita 1.6 za maji kwa njia ya mvuke. Mvuke huo hutafuta kitu cha baridi cha kulalia, na katika karakana kitu cha baridi kuliko vyote ni mashine ya kukereza. Kesho yake reli za mashine zina kutu ya rangi ya chungwa na mwenye mashine analaumu mafuta.

Kosa la msingi ni kuanza na moto. Kazi ianze juu. Chukua karakana ya mita 6 kwa 4, kuta za matofali ya kuchoma za urefu wa mita 3, juu bati tupu. Ukitaka ndani pazidi nje kwa nyuzi 10, bati peke yake linapoteza karibu kilowati 1.8. Kuta zote nne, ambazo eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya bati, zinapoteza kama 1.3. Sasa piga dari ya bodi za jipsamu, juu yake tandaza pamba ya kuzuia joto, ya kioo au ya mwamba, yenye unene wa mm 50: ile 1.8 inashuka chini ya 0.2. Hakuna jiko litakalokupa faida kama hiyo kwa gharama hiyo, na dari hailishwi kuni.

Dari ya karakana ya chuma si sawa na dari ya sebule. Cheche za grenda huruka mita kadhaa na zinaweza kufukuta ndani ya kitu laini kwa saa nzima kabla ya kuwaka. Viroba, maboksi, magodoro ya zamani na yale mabamba meupe mepesi yanayokuja na televisheni havifai kabisa. Hayo mabamba yakishika moto hudondosha matone yanayowaka na moshi wake ni sumu. Jipsamu haishiki moto kirahisi. Ziba viungo vyake vizuri, maana tundu dogo linatosha kupitisha cheche. Nyuma ya meza ya kusagia pigilia bati tambarare ukutani. Kati ya dari na bati acha hewa ipite: tundu za wavu pande mbili chini ya mapaa, la sivyo umande wa usiku utadondoka juu ya jipsamu na mwaka wa pili bodi zitaota ukungu na kujikunja. Mwanya wa kati ya ukuta na dari uzibwe kwa udongo au simenti, kwa sababu huo ndio mlango wa upepo.

Sakafu ya udongo hutoa unyevu mwaka mzima. Kwa mita za mraba 24, zege la mm 100 la uwiano wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) hutumia mifuko 15 hadi 16 ya simenti, chini yake ikitandikwa karatasi nzito ya nailoni. Limwagiliwe siku 7, na mashine nzito isifungwe kabla ya siku 28. Usikate chuma kwa gesi moja kwa moja juu ya zege: unyevu uliomo hugeuka mvuke, na vipande hupasuka kuelekea usoni. Anaposimama fundi weka jukwaa la mbao. Miguu ikipata joto, mwili hauombi moto mwingi.

Baada ya hapo ndipo lije jiko, na liwe la kuni lenye bomba la moshi. Nusu ya bamba la futi 4 kwa 8, unene wa mm 5, inatosha. Kata mikanda mitatu ya upana wa mm 400. Mikanda miwili itoe vipande vinne vya mm 600 kwa 400, ambavyo ni juu, chini na mbavu mbili. Wa tatu utoe vipande vitatu vya mm 400 kwa 400: mbele, nyuma na kizuizi cha moshi. Kizuizi kipunguzwe upana hadi mm 388 kiingie ndani, kichomelewe kwenye ukuta wa nyuma mm 80 chini ya kipande cha juu, kiache mm 200 wazi kwa mbele. Tundu la bomba liwe juu, nyuma. Moshi hulazimika kuja mbele kwanza ndipo urudi, na katika safari hiyo huacha joto lake kwenye chuma badala ya kwenda nalo angani. Majiko mengi ya kienyeji hayana kipande hiki, na ndiyo maana bomba huwa jekundu huku chumba kina baridi.

Wavu tengeneza kwa nondo za mm 12 zikiachana mm 10. Zitapinda, si ajabu, kwa hiyo zilaze tu bila kuchomelea ili uzibadilishe kila msimu. Panga matofali ya kuchoma kuzunguka nusu ya chini. Hewa ya kulisha moto iingie kutoka nje kwa bomba la inchi 3 lililopita ukutani hadi chini ya wavu, liwe na kifuniko cha kupunguza. Mlangoni usitumie kamba wala vipande vya asbesto ulivyotoa kwenye jengo la zamani. Chuma bapa kinachopandana vizuri na fremu kinatosha. Moto wa kwanza uwashwe nje, uunguze mafuta na rangi.

Bomba la moshi ndipo wengi wanapoharibu. Liwe la chuma cheusi, inchi 5. La zinki, yaani la chuma kilichopakwa zinki, halifai: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na kabla ya kufika huko rangi yake imeshabadilika na kuanza kubanduka. Ikishika joto kali zaidi hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya baridi na kutetemeka jioni yake, ambayo wengi huitibu kama malaria. Bomba lisimame wima, urefu wa mita 4 hadi 5 kutoka juu ya jiko, na lipite kilele cha paa kwa sentimita 60. Huku milimani hewa nyepesi hufanya mvuto wa moshi bombani kuwa hafifu, kwa hiyo usifupishe. Kona ikilazimika, iwe ya nyuzi 45, zisizidi mbili. Kipande cha kulala ni mwaliko wa masizi. Mbao za kenchi zikae mbali na bomba mm 450, na linapopenya dari na bati livishwe bomba pana la inchi 10, nafasi ya katikati ijazwe pamba ya mwamba. Kila mwezi wa baridi pitisha mnyororo ndani yake.

Jiko la ukubwa huu likila kilo 2 hadi 3 za kuni kavu kwa saa hutoa kilowati 4 hadi 6 chumbani. Miwati iliyokaushwa miezi sita chini ya paa ni bora kuliko yote. Mabanzi ya misindano yanafaa kuwashia, lakini yakiwa mabichi hupaka bomba lami ambayo siku moja hushika moto humo humo bombani. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, vile vya kijani, visiingie jikoni kamwe. Dawa yake ina aseniki, na hata majivu yake ni sumu. Oili chafu nayo tunaipinga. Ina maji ndani yake, na kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Oili hufura, humwagika, na moto humfuata aliyesimama mbele.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazoefu huukosa. Feni ya kutoa moshi wa kuchomelea ikiwashwa huku madirisha yamefungwa, huvuta hewa popote inapoweza kuipata, hata kupitia bomba la jiko. Moshi hugeuza njia na kushuka chumbani. Jaribio lake ni rahisi: washa feni, sogeza kijiti cha udi karibu na mlango wa jiko. Moshi wa udi ukisukumwa kuelekea kwako, fungua dirisha lililo mkabala na feni na upime tena.

Mitungi ya oksijeni na asetilini ikae nje, kwenye kivuli, imesimama na kufungwa kwa mnyororo. Kupaka rangi yenye thina kusubiri jiko lizimike kabisa. Mashine ifunikwe kwa shuka la pamba, si kwa nailoni inayofungia unyevu, na moto wa asubuhi uongezwe taratibu, ili chuma kisiachwe nyuma na hewa. Vijiti vya kuchomelea vya kawaida, vya namba 6013, vitunzwe ndani ya kabati la friji bovu lenye balbu ya zamani inayotoa joto, ya wati 60. Vya 7018 vilivyokwisha lowa havitaponywa na balbu. Vinataka oveni ya nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, vinginevyo mshono huenda ukapasuka ukiwa umeshapoa.

Maombi yetu ni mawili. Vyuo vya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) vya mikoa ya nyanda za juu viingize jiko la aina hii katika kazi za mazoezi ya wanafunzi wa uchomeleaji. Lina kukata, kukunja, kuunga kona na kuziba hewa, na mwisho wake mwanafunzi anaondoka na kitu cha kuuza. Na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mteja akiomba bomba la zinki, muulizeni kwanza ni la maji au la moshi.

Mafundi wa vyuma,
Njombe