Bunduki ya kijana isipimwe kwa bega la baba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Texas, aliyewashauri wazazi wanaowafundisha watoto wao uwindaji wawanunulie moja kwa moja bunduki ya mtu mzima ya kaliba .308 (kaliba ni unene wa risasi, hapa kwa inchi), kwa hoja kwamba mtoto atakua na bunduki itamtosha. Ndivyo wengi wetu tulivyonunuliwa viatu vya shule, lakini kiatu kikubwa hakikupigi teke begani. Bunduki isiyomfaa mtoto humfundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na anayefumba macho humjeruhi kulungu ambaye hukimbilia kichakani kufa mbali na wawindaji.

Jambo la kwanza la kuangalia ni urefu wa kitako, yaani umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako kinachoegemea bega. Bunduki nyingi za watu wazima zina kati ya inchi 13.5 na 14, ilhali mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili mara nyingi huhitaji takriban inchi 12. Kipimo cha kuanzia ni rahisi: mtoto akunje kiwiko, mwisho wa kitako uguse mkunjo wa ndani wa mkono wake, kisha utazame kama ncha ya kidole chake cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Baada ya hapo mpe bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, ailenge ukutani. Ukimwona anarudisha mabega nyuma na kunyoosha shingo ili aione picha nzima ndani ya darubini, irudishe kwa mwenye duka hata kama bei imepunguzwa nusu.

Kuhusu kaliba, sioni sababu ya kumwanzishia mtoto .308 wakati .243 Winchester, iliyokuwapo tangu mwaka 1955, inamwangusha kulungu wa Texas vizuri ikiwa risasi imechaguliwa kwa ajili ya wanyama wa ukubwa huo, na teke lake ni dogo zaidi. Nyingine zinazofaa ni 6.5 Creedmoor na 7mm-08 Remington, ambazo zitamfaa pia akiwa mtu mzima. Aliyekwisha kununua .308 asikate tamaa, kwa kuwa viwanda kadhaa hutengeneza risasi zake zilizopunguzwa nguvu. Mazoezi ya mwanzo yafanyike kwa .22 ndogo (rimfire), ila sheria ya Texas hairuhusu kumwinda kulungu kwa risasi za aina hiyo.

Sasa nije kwenye kiwambo cha kupunguza sauti, kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu, ambacho mwenzangu alikiita anasa ya watu wa sinema. Mlio wa bunduki ya kuwindia hufikia desibeli 160 na zaidi, wakati sauti ya ghafla inayozidi desibeli 140 inatosha kuharibu usikivu daima. Kiwambo kizuri hupunguza kati ya desibeli 20 na 35. Hakiifanyi bunduki kuwa kimya, kwa sababu risasi ya .243 hutoka kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde, na kila kinachopita kasi ya sauti hupasua hewa kwa mshindo wake chenyewe. Kwa hiyo mtoto aendelee kuvaa viziba masikio. Lakini teke hupungua, mlipuko wa usoni hupungua, na mzazi anaweza kumsemesha mtoto kwa sauti ya kawaida kati ya risasi na risasi. Nchini Norway vifaa hivi huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote ya uwindaji, na hapa Texas vimeruhusiwa kuwindia tangu mwaka 2012.

Kwa mwenye kipato cha kawaida, busara ni kununua leo bunduki ambayo mdomo wa mtutu wake umechongwa hesi kiwandani, yaani mikunjo kama ya skrubu ya kufungia kiwambo, kisha kiwambo kifuate fedha zitakapopatikana. Kumpelekea fundi mtutu usio na hesi mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 100, na hesi zikichongwa upande hata kidogo tu, risasi hugonga ukuta wa ndani wa kiwambo na kukiharibu. Fungua kifuniko cha hesi palepale dukani, uangalie kama zimekatwa safi na kama bega la mtutu ambalo kiwambo kitaliegemea ni sawa pande zote. Uliza pia kipimo cha hesi, yaani kipenyo kwa inchi na idadi ya mikunjo kwa kila inchi: 1/2x28 hupatikana zaidi kwenye kaliba ndogo kama .223, na 5/8x24 ndicho kilichoenea kwenye kaliba kubwa. Kiwambo cha kaliba .30 kinaweza kutumika kwenye .243, lakini cha .223 hakipaswi kufungwa kwenye bunduki yenye risasi nene kuliko hiyo.

Urefu wa mtutu nao usisahauliwe. Kiwambo huongeza inchi sita hadi nane na karibu nusu kilo mbele kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto hauna nguvu. Mtutu wa inchi 22 wenye kiwambo unakuwa mzigo kwenye kibanda cha kuwindia; wa inchi 16 hadi 20 unafaa zaidi. Bunduki ya Ruger American, hasa toleo lake la pili lenye vipande vya kurefusha na kufupisha kitako, mara nyingi hupatikana chini ya dola 700 ikiwa na hesi tayari. Savage Axis ni ya bei nafuu zaidi, na Mossberg Patriot Super Bantam ina kitako kinachobadilika kutoka inchi 12 hadi 13, ila kagua kwanza, maana si kila mtutu wa aina hizi mbili umechongwa hesi. Mimi ningeichagua Ruger, na fedha iliyobaki ningeinunulia risasi za mazoezi kabla ya darubini ya kifahari.

Upande wa sheria, ushuru wa serikali kuu ya Marekani wa dola 200 kwa kila kiwambo, uliowekwa mwaka 1934, umeshuka hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini wengi wanadhani kwamba na usajili umefutwa, jambo ambalo si kweli. Alama za vidole na picha bado zinatakiwa, na anayenunua kiwambo dukani lazima awe na miaka 21. Bunduki na kiwambo ni mali ya mzazi, hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na mtoto hutumia kiwambo mwenye usajili akiwepo. Katika familia ambazo mjomba ndiye anayewapeleka watoto porini wakati baba yuko kazini, ni afadhali kiwambo kisajiliwe kwa jina la amana ya familia, yaani mpango wa kisheria wa kumiliki mali kwa pamoja, na mjomba aandikwe kuwa mmoja wa wadhamini wake kabla msimu haujafunguliwa.

Mzazi na msomaji wenu,
Fort Worth, Texas