Mkichapa mapishi ya gato ya boksi, tuandikieni na gramu

Bwana Mhariri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, kwa sababu ya barua mliyoichapa kwenye ukurasa wa nyumbani, ya ndugu msomaji aliyesema kwamba mama anayeoka gato, yaani keki, kwa unga wa boksi, ule uliochanganywa tayari kiwandani, amechoka kufanya kazi. Niliisoma nikiwa nimekaa, nikairudia nimesimama. Chini yake mliweka mapishi ya vipande vya gato, mistari miwili tu: boksi moja, mayai mawili, nusu kikombe cha mafuta, oka kwa 350. Barua iliniuma. Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni hayo mapishi, maana yatawapotezea watu unga, mafuta na mayai, na mayai tunayanunua kwa kuhesabu franga.

Mimi naoka kwa mbabula, jiko letu la makaa. Ni mwaka wa 11 sasa. Asubuhi nauza vipande kwenye njia ya wanafunzi, Jumamosi naoka za komunyo na za sherehe ndogo ndogo za mtaa. Unga wa boksi nimeujua mdogo wangu anayeishi Ohio alipokuja kutusalimia, akatoa ndani ya valizi maboksi matano, yamekunjamana pembe lakini hayajapasuka.

La kwanza nililioka kwa komunyo ya mjukuu wangu. Tulifuata kila neno, mdogo wangu akinisomea Kiingereza, mimi nikipiga mayai. Gato ikapanda vizuri, hata nikamwita jirani aje aone. Hatujamaliza kusifu, katikati ikaanza kushuka taratibu, kama tumbo la mtu anayetoa pumzi, ikaacha shimo la kuingia ngumi. Tulilijaza ndizi zilizokatwa na watoto wakala wakamaliza. Mimi usiku ule nililala nikilifikiria lile shimo.

Kesho yake mdogo wangu akaokota boksi tupu kwenye takataka. "Yaya, dada mkubwa, njoo uone hapa pembeni." Palikuwa na herufi ndogo kama chungu: anayekaa juu ya futi 3,500 afuate vipimo vingine. Nikamwambia sisi hatukai mlimani, Katuba yetu ni tambarare, mvua ikinyesha maji yenyewe hayajui pa kwenda. Akapiga hesabu. Futi 3,500 ni kama mita 1,067, na Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Tuko juu, ila kwa kuwa hakuna bonde la kuchungulia hatujioni. Na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ule upepo unaotoka kwenye hamira ya keki unatanuka upesi zaidi kuliko kwenye miji ya pwani. Gato inapanda mbio kabla unga haujaiva ukashika, kisha inaanguka. Ndiyo maana wanasema uongeze unga kidogo na maji kidogo. Ningependa wenzangu wa Goma na Bukavu walijue hili, wao walio juu kutuzidi, karibu mita 1,500.

Vipande, yaani gato nyembamba ya kukatwa, ndivyo vilivyoniponya. Katika vipande humwagi maji yale boksi linayoyataka. Ni unga wa boksi, mayai mawili na mafuta, basi, na kinachotoka si uji wa kumimina, ni donge zito la kubandika kwa mkono. Nalisukuma ndani ya sufuria pana kwa kitako cha gobele, yaani kikombe, kilichopakwa mafuta mpaka liwe na unene wa kidole kimoja. Likiwa jembamba hivyo halina haja ya kupanda sana, na lisilopanda halianguki. Moto nao unafika katikati kabla kingo hazijaungua. Kwa mtu wa mbabula hilo la mwisho ni kubwa kuliko yote.

Sasa niseme kuhusu "boksi moja". Mdogo wangu aliniachia karatasi ya mapishi aliyopewa na mama mmoja wa kanisani kwao, karatasi ya zamani, imepakaa mafuta hadi unaona upande wa pili. Nayo ilisema boksi moja. Nikafanya. Nilipofunua kifuniko nikakuta mafuta yanachemka kwenye kingo kama nakaanga mandazi, na katikati pamelegea. Nilidhani moto wangu ndio mbaya. Nikarudia juma lililofuata na makala, yaani makaa, machache zaidi, yakatokea yale yale. Maboksi mawili yameisha hivyo, Bwana Mhariri, yaliyovuka bahari.

Kosa lilikuwa la uzito. Boksi la kawaida la Marekani zamani lilikuwa na gramu 517. Wakalipunguza likawa 432. Siku hizi mengine yana 375, na boksi kwa macho ni lile lile, rangi ni ile ile. Mapishi ya zamani hayakupunguzwa pamoja nalo. Toa 375 kwenye 517 uone: zimekosekana gramu 142, na mafuta yamebaki nusu kikombe. Nililithibitisha kwa mizani ya mama anayeuza unga hapa sokoni, mbele yake, naye akashika kiuno. Tangu siku hiyo boksi dogo naliongezea unga wa ngano wa kawaida, viganja viwili vilivyojaa, na vijiko viwili vya sukari, na donge linashikana. Yale maboksi yanayoingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nayo yana uzito wake mwingine kabisa. Kwa hiyo mtu akisoma kwenu "boksi moja", mmemwambia nini?

Kikombe ni hivyo hivyo. Kikombe chao cha kupimia ni mililita 240, nusu yake ni 120. Kikombe changu cha chai kinabeba zaidi ya hapo, na cha jirani kinazidi changu. Andikeni mililita 120. Hata chupa ndogo ya maji ina alama ya ujazo wake, mtu atakadiria.

Na ile 350! Ni Farenhaiti. Kwetu ni kama 177. Jirani yangu ana furu, yaani oveni, ya umeme, amesoma gazeti lenu, akazungusha kitufe mpaka kikagota: kinaishia 250. Akaja kuniuliza kama furu yake ni mbovu. Nilimzuia kabla hajaiwasha. Laiti ningekuwa sokoni saa ile, angetoa mkaa.

Tena wenye furu ni wachache, na hao wachache delestaji, yaani mgao wa umeme, inawakuta gato imo ndani. Sisi wengine tuna mbabula, na mbabula inaoka vizuri ukiijua. Naweka sufuria kubwa, chini yake ndani natandika mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, juu ya mchanga mawe matatu madogo, na juu ya mawe sufuria pana yenye donge. Nafunika kwa bati. Makala mengi nayaweka juu ya bati, machache chini. Wengi wanafanya kinyume, ndiyo maana tumbo la gato linaungua na mgongo unabaki mweupe. Kabla ya kuweka donge natupia ndani kipande cha karatasi nyeupe ya daftari. Baada ya dakika tano nafunua. Ikiwa bado nyeupe, moto haujafika. Ikiwa nyeusi, napunguza makala na kusubiri. Naitaka iwe rangi ya chai ya maziwa, hapo naweka. Wenye furu wanaoka dakika 20 hadi 25. Kwangu ni 35, na siku za baridi za mwezi wa sita, upepo ukipita uani, ni 40. Najua limeiva kwa harufu kwanza, kisha kwa kingo: zinajitenga na sufuria, zinaacha mstari mwembamba kama uzi. Katikati patakuwa bado panatikisika kidogo. Toa hivyo hivyo. Ukingoja pakauke, kesho utakuwa na biskuti ngumu.

Kisha lazima lipoe, na hapa ndipo wajukuu wananishinda. Likikatwa moto linabomoka. Mimi naoka jioni, nalifunika kitambaa, nalikata alfajiri kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila mkato. Vipande 24 kwa sufuria moja. Ila sufuria ya donge bichi siwapi walambe, hata wakilia: unga wa boksi haujapikwa, unaweza kuwa na vijidudu vya tumbo, na yai bichi limo humo pia.

Juu yake unaweza kuweka kitu chochote cha kwetu. Karatasi ya mdogo wangu ilitaka jibini laini ya kupaka, kama wanavyofanya mji wa St. Louis kwenye gato yao ya siagi. Mimi nilimwaga maziwa mazito ya mkebe, nikanyunyiza karanga zilizokaangwa na kupondwa nusu nusu, zisiwe unga. Zinaiva pamoja, maziwa yanageuka kahawia na kunata. Hicho ndicho kipande kinachoisha kwanza kila asubuhi. Asali ya porini nayo inafaa, mradi uipake gato ikiwa imeshatoka kwenye moto.

Kwa ndugu aliyeandika kuhusu uvivu nina maneno machache, na nayasema kwa heshima. Ndani ya boksi kuna unga wa ngano, sukari, hamira, chumvi na mafuta kidogo, pamoja na vitu vya kulilainisha na kulipa harufu. Vilivyo vingi humo navinunua Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kimoja kimoja. Jambo hili halikuanza jana: katika miaka ya 1930 kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh, iliyokuwa inauza molasi, ilikausha molasi pamoja na unga ili mtu aongeze maji tu na kuoka. Baadaye wakaacha kutia yai lililokaushwa likawa unga, wakaandika kwamba mama wa nyumbani anapenda kuvunja yai lake mwenyewe. Hata wenye kiwanda walijua kuna mkono wa mpishi hapo. Mimi naamka saa kumi kukata vipande, na jioni nachekecha mchanga, napuliza makala mpaka macho yanawasha. Boksi linaniokolea kupima na kuchanganya unga, na kwa mwanamke anayeuza kabla ya kengele ya shule hiyo nusu saa ni kitu.

Ninachoomba ni hiki. Mkichapa tena mapishi ya gato, andikeni uzito wa boksi kwa gramu, mafuta kwa mililita, moto kwa selsiasi, na muongeze mistari mitatu kwa mwenye mbabula. Kama hamna wa kuwajaribia, mimi nipo, na sufuria zangu zipo. Ukurasa wenu huwa naukata na kuubandika ukutani jikoni, juu ya ndobo ya unga. Ule wa juzi nimeubandika pia, ila nimeurekebisha kwa kalamu nyekundu, maana binti yangu ndiye anayeoka siku nisipokuwepo.

Msomaji wenu,
Mama wa vipande, Katuba, Lubumbashi