Ukakasi wa divai ya Cahors

Toulouse, 14 Novemba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na wote wa nyumbani hamjambo, na kwamba mizabibu yenu hapo Dodoma inaendelea vizuri. Katika barua yako ya mwisho ulilalamika kwamba kila unapoonja divai nyekundu ya Kifaransa ulimi wako hukauka, ukakata shauri kwamba divai hiyo haikuumbiwa watu wa kwetu. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka kwanza niionje ile yenye sifa ya ukali kuliko nyingi, ndiyo divai ya Cahors, na Jumamosi iliyopita nikapanda treni kuifuata kwao.

Cahors ni mji mdogo uliokumbatiwa na mto Lot pande tatu, na divai yake tangu zamani huitwa nyeusi. Jina hilo halikutiwa chumvi: nilipoiinamisha bilauri juu ya orodha ya vyakula, sikuweza kusoma herufi zilizokuwa chini yake. Sheria inataka angalau asilimia 70 ya divai hiyo itokane na zabibu za malbec, zile zile zilizoipatia Argentina sifa. Jalidi ya Februari 1956 iliua karibu mizabibu yote ya eneo hilo, wakulima wakaanza upya, hata mwaka 1971 jina la Cahors likapata ulinzi wa kisheria. Wewe unayevuna mara mbili kwa mwaka utaelewa uchungu wao zaidi yangu, maana wao huvuna mara moja tu.

Funda la kwanza nililinywa bila chakula. Harufu ilikuwa ya zambarau zilizoiva sana, lakini mara ukakasi ukashika ufizi na kingo za ulimi, kama unapouma bibo. Ndicho hicho ulichokilalamikia, nawe hukukosea. Ganda na kokwa za zabibu zina tanini, nayo hung'ang'ania protini za mate, yale mate yanayoulainisha mdomo, na ulimi hubaki mkavu. Kumbuka chai ya rangi iliyochemka mno: ukiitia maziwa ukakasi hupungua, kwa sababu tanini imepata protini nyingine ya kushikamana nayo.

Kisha akaletwa bata. Huko paja la bata hulazwa kwenye chumvi usiku kucha, halafu huiva polepole ndani ya mafuta yake lenyewe, na mwisho hukaangwa hadi ngozi ikauke na kulia menoni. Nilitafuna kipande chenye ngozi, na mafuta yangali yametanda mdomoni nikanywa funda la pili. Rafiki yangu, ilikuwa kana kwamba wamenibadilishia chupa! Ukakasi ulikuwapo, lakini sasa ulikuwa na kazi: uliyafuta mafuta, ukaniachia utamu wa zambarau na chumvi ya nyama, nami nikatamani kipande kingine papo hapo. Viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayo hayo ya bata pamoja na kitunguu saumu vilifanya vivyo hivyo. Jioni nilijaribu divai iliyobaki kwa samaki wa mtoni, na sikufurahi hata kidogo: shombo ilipanda, na mdomo ukabaki na ladha kama ya chuma.

Kwa hiyo nakuomba usiihukumu tena divai ya namna hiyo ukiwa umekaa nayo peke yake sebuleni. Inunulie mbavu za mbuzi zenye mafuta, uzichome kwa chumvi tu, na pilipili uiweke mbali, kwa kuwa huzidisha mwako wa kilevi na ukakasi pia. Kwa joto la Dodoma, iweke chupa kwenye friji nusu saa hivi, kwani ikiwa ya vuguvugu kilevi hutangulia puani na matunda yote hupotea.

Nimeihifadhi chupa moja kwa ajili yako, na nitakuja nayo Desemba. Mbuzi ni juu yako.

Wako akupendaye daima.