YAH: Maharage yasiyoiva na mapo tofu isiyo na ganzi

Kwa Meneja,
Mgahawa wa Kichina ulio jirani na lango la chuo.

Ndugu Meneja,

Ubao wenu wa mlangoni unasema hapa panapikwa chakula cha Sichuan, jimbo la China, kama kinavyopikwa Chengdu, mji wake mkuu. Mpishi wenu anaweza kabisa, hilo hatubishi. Anayeagiza kwa karatasi ya Kichina iliyobandikwa kaunta hupata chakula cha kweli. Anayeagiza kwa menyu ya picha, jina lile lile na bei ile ile, huletewa kitu kingine. Malalamiko haya yanahusu hicho kitu kingine.

Tuanze na lenye hatari. Maharage machanga ya kukaangwa, ganbian sijidou, yanaletwa yakiwa ya kijani kibichi, yamenyooka kama penseli, na ukiyauma yanalia kwenye meno. Huenda mnaona yanapendeza machoni. Maharage mabichi yana lektini, sumu ya asili inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache, na haiondoki mpaka joto lifike ndani. Yaliyoiva hujionyesha yenyewe: ngozi imekunjamana, ina madoa ya kahawia, rangi imefifia, na ukilipinda moja halikatiki kwa mlio. Kinachowaharibia ni msongamano wa mchana, vipindi vinapotoka. Maharage yanamwagwa karaini kwa wingi, tena yakiwa na maji ya kuoshea, mafuta yanapoa, na mpishi anaopoa kwa muda ule ule aliozoea. Yakaushwe kwanza, yakaangwe mafungu madogo, na yaopolewe kwa kutazama ngozi, si saa.

Sasa mapo tofu, vipande laini vya tofu ya soya kwenye mchuzi wa pilipili, ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Sahani inafika na maji yametuama pembeni, vipande vya tofu vimevunjika, na unga wa pilipili unaelea juu ya mafuta yasiyo na rangi. Kila kasoro hapo ina chanzo chake. Mafuta hayana rangi kwa sababu doubanjiang, ile rojo ya maharage na pilipili iliyochachushwa, imetiwa pamoja na supu. Inatakiwa ikaangwe peke yake kwa moto wa wastani, dakika moja au mbili, hadi mafuta yawe mekundu. La sivyo hubaki chumvi chungu yenye harufu ya ubichi. Maji yanatoka kwa sababu tofu haikupitishwa kwenye maji ya moto yenye chumvi, dakika mbili au tatu tu, na kwa sababu wanga uliokorogwa unamiminwa wote kwa mkupuo. Ukitiwa mara tatu, kidogo kidogo, mchuzi unashika tofu. Na tofu husukumwa kwa mgongo wa upawa. Ukiikoroga kama uji, itakuwa uji.

Halafu huajiao. Wahudumu wenu huwaambia wateja kwamba ni pilipili. Si pilipili hata kidogo: ni ganda la tunda la mti wa jamii ya michungwa na milimau, na kazi yake ni kuutia ulimi ganzi. Hiyo ganzi ndiyo "ma", ukali wa pilipili ndio "la", na chakula hiki husimama kwa miguu yote miwili. Yenu ni vumbi la kijivu linalokwaruza kama mchanga, maana limesagwa pamoja na zile mbegu nyeusi na kukaa wazi hadi likapoteza harufu. Mbegu zitolewe, maganda yakaangwe bila mafuta kwa moto mdogo hadi yanukie (yakiwa meusi ni machungu, tupeni), yasagwe kidogo kidogo, yachujwe, yanyunyizwe mwisho kabisa. Badala ya hayo, menyu ya picha inapata sukari. Glutameti, ile chumvi ya kukoleza ladha, haitusumbui, itieni mnavyotaka. Sukari ya kiwango hicho kwenye mapo tofu hatuielewi.

Wali wa kukaanga unahitaji wali uliopoa, hilo mnalijua. Ila sufuria la wali linalokaa vuguvugu pembeni ya jiko tangu asubuhi ni jambo lingine. Vijidudu vya Bacillus cereus huacha mbegu zao zinazostahimili kuchemshwa, nazo kwenye uvuguvugu huamka na kuwa vijidudu vinavyozaliana. Sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na kukaanga tena. Wali utandazwe kwenye trei upoe haraka, uingie kwenye friji chini ya nyuzi 5, au uwekwe moto juu ya nyuzi 60.

Jambo dogo, lakini kwa wengine ni kubwa: alama ya jani la kijani, yaani chakula kisicho na nyama, kando ya mapo tofu. Yenu ina nyama ya kusaga. Ifuteni leo, na muandike ni nyama ya mnyama gani.

Tunaomba mambo matatu. Maharage yaondolewe kwenye menyu hadi utaratibu wa kukaanga ubadilike. Karatasi ya kaunta ichapwe kwa lugha ambayo wateja wote wanaisoma, ikiwa na chaguo la ukali na la ganzi. Na aliyeletewa maharage mabichi arudishiwe pesa bila kubishana na mhudumu, ambaye hana kosa. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wateja wenu wa mchana